Masizi Mgongoni mwa Malkia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule ya misheni, Anastasie alimwaga matembele nyuma ya mafiga, na dende wake sita wakatoka chini ya kuni wakilia kwi, kwi, kwi. Huko kijijini Lubondja dende, ambao wengine huwaita simbilisi, hufugwa jikoni, na wengi wao huishia chunguni. Lakini mmoja, Malkia, alikuwa wa kubebwa na kusifiwa tu, na ole wake aliyesema ana dende mzuri kuliko huyo!

Miaka kumi na miwili tu, pua juu! Dende wa wenzake aliwaita panya. Basi kiangazi hicho Malkia akaanza kujikuna. Manyoya ya shingo yakanyonyoka, ngozi ikafanya magamba, naye alikuwa na mimba. Unadhani Anastasie, huyo bibi mkubwa, alimwambia mtu? Thubutu! Kwake yeye, upele ulikuwa wa nyumba za wachafu. Alikwangua masizi ya sufuria akampaka mgonjwa mpaka vipara visionekane.

"Mbona amekuwa mweusi?" akauliza rafiki yake Dorothée.

"Macho yako ndiyo machafu," akajibiwa.

Jumamosi akaja Mukankuranga, mfugaji wa ng'ombe kutoka milimani, kumletea mama wa Anastasie, Mama Godelieve, siagi. Anastasie alibana pua, eti mgeni ananuka zizi. Mukankuranga alimwona Malkia amejikunja pembeni, hali wala hanywi. Alipomwinua, vidole vikatoka vyeusi.

"Mutoto, hii iko upele. Hata ndama zangu banashikwaka."

"We unajua nini ya dende? Baki na ng'ombe zako!"

"Anastasie!" mama yake akafoka. "Ni vile unasemeshaka mukubwa?"

Mukankuranga akacheka kwa dharau iliyoizidi ya mtoto mara mbili. "Mi siwezi kula hii panya yenu hata nife njaa. Lakini ngozi ni ngozi. Masizi haiue wadudu, inawafichia tu. Ukimuacha hivi, atakufa na batoto yake tumboni."

Pua ya Anastasie ikashuka. Akaangua kilio. "Nilijua, mama. Nilificha. Nisaidieni, Malkia asife!"

Wakamwosha Malkia kwa maji ya vuguvugu na sabuni, wakamkausha karibu na moto. Baba alikuwa amebakiza unga wa salfa wa dispensari. Wakauchanganya na mawese, wakampaka kidogo kidogo. Wale watano wengine nao wakapakwa, wasiojikuna pia. Majani yao ya kulalia yakachomwa, na Anastasie akafagia jikoni peke yake, mikono ikimwasha. Baada ya juma moja walirudia dawa, maana mayai ya wadudu huanguliwa baadaye.

Juma la tatu manyoya yakaanza kuota. Malkia akazaa watatu. Wawili walianza kukimbiakimbia siku hiyohiyo. Wa tatu alitoka amekufa.

Mukankuranga, aliyeleta siagi tena, akamwangalia Anastasie akimfukia nyuma ya nyumba.

"Malkia aliteseka siku mingi, ndiyo maana huyu hakuishi," akasema. "Uliona haya kusema neno moja tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Upele unakamata kila muntu, mutoto wangu: musafi na muchafu. Anayeusema mapema ndiye anaupona."