Mkojo Ulioganda

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Halimah, siku ya arobaini ya wifi yake, Kibuli, mwaka 1989. Hakuisimulia tena.

Ilianza na pete. Hindu, mke wa kaka yake Mansur, alikuwa na mimba ya miezi saba, na pete ikakataa kutoka kidoleni. Kisha ikaja homa, na kiuno kumuuma. Halimah alimpeleka kliniki. Nesi aliuchemsha mkojo juu ya moto wa spiriti, nao ukaganda, mweupe kama yai lililoiva. Akasema maambukizo yameingia njia ya mkojo, presha imepanda, na mwili uliokuwa ukipigana na ugonjwa sasa unajipiga wenyewe. Aende hospitali leo hii.

Kosa la Halimah lilikuwa kuyasimulia yote nyumbani. Zubaida, mama yake, aliweka kikombe chini.

"Huo weupe ni maziwa ya mtoto. Kuna anayeyanywa humo ndani."

Katika nyumba ile jini hakutolewa mpaka ataje jina, na aliyepandwa hakuvuka kizingiti kabla ya hapo. Zubaida akafunga mlango kwa kufuli, akampa Halimah ufunguo aushike.

Wakafukiza ubani. Chini ya ubani kulikuwa na harufu nyingine, ya yai linalochemka, ilhali jiko lilikuwa baridi. Hindu alisema kichwa kinapasuka, anaona vimulimuli.

"Wifi, nipeleke," alinong'ona.

Halimah akainuka. "Unesi umeanza lini?" mama yake alimuuliza. "Mtoe nje kabla jini hajataja jina, atahamia tumboni mwako." Halimah akaketi.

Baada ya alasiri meno yalianza kusagana, macho yakageuka, mgongo ukajipinda, povu lenye damu likatoka, na Zubaida, badala ya kumlaza ubavu, akapiga magoti akiuliza kwa adabu, kama aulizwavyo mgeni, taja jina lako, bwana, tukujue, akauliza tena, na tena, mtikisiko ukikoma na kurudi, na ufunguo ukilowa jasho kiganjani mwa Halimah, mpaka sauti isiyo ya Hindu, sauti ya mwanamume aliyeshiba, ikajibu taratibu:

"Jina la nini? Mlango mmenifungia vizuri."

Mansur alirudi kutoka dukani akavunja kufuli. Hospitali walimtoa mtoto wa kike akiwa hai. Hindu hakuamka.

Mansur amekwisha kufa, na Zubaida pia. Halimah yu hai. Taqwa, mtoto yule, yu hai. Ana mimba ya miezi saba, na juzi alimwomba shangazi yake sabuni avue pete. Jiko lilikuwa baridi, na nyumba nzima ikinuka yai linalochemka. Kwa hiyo na yule wa tatu, asiyetaja jina, yu hai.