Kilo Mbili za Chokoleti

ALHAMISI, SAA KUMI JIONI

Lonnie Pruitt alichora ramani juu ya kifuniko cha boksi la piza. Nyumba ya mzee Teague. Kontena la uyoga wa kulevya nyuma yake. Mbwa mmoja, kiziwi. Marlin Stovall, aliyekalia tairi la trekta kwenye chumba cha nyuma cha duka la matairi, hakupenda hata mstari mmoja.

"Kesho timu ya shule inacheza nyumbani," Lonnie alisema. "Mji mzima utakuwa uwanjani, Teague akiwemo. Tunaingia, tunabeba, tunatoka."

"Nikidakwa, nampoteza Callie."

Callie alikuwa binti yake, miaka sita. Jaji alimrudishia kwa masharti: waishi kwa Renee, dada yake Marlin, na asionekane tena kwenye kesi yoyote. Kosa moja tu, mtoto anachukuliwa na serikali. Lakini kazi ya kuchomelea vyuma ilikwisha, na benki ilitaka kuinadi nyumba ya Renee. Bila nyumba, mtoto vilevile angeondoka.

"Utadakwa na nini, chokoleti?" Lonnie alicheka. "Renee anayeyusha, anachanganya, anamimina. Uyoga wenyewe kiduchu. Polisi watapima uyoga. Sukari waipime ya nini?"

"Wewe Lonnie, ungepewa akili ungeiuza," Renee alisema pale mlangoni. Lakini hakukataa.

Ilikuwa hesabu nzuri. Colorado, mwendo wa saa chache tu, mtu mzima anapanda uyoga wake nyumbani na polisi wanampita. Hapa Texas ni jela. Hilo wote walilijua. Jela inavyopimwa, hakuna aliyeuliza.

IJUMAA, SAA MOJA NA NUSU JIONI

Kelele za uwanjani zilifika mpaka kwenye uzio. Marlin alikata kufuli kwa mkasi wa chuma. Ndani ya kontena kulinuka udongo mbichi. Mfuko wa uyoga mkavu ulikuwa rafuni, mdogo mpaka akadhani kuna waliowatangulia.

"Gramu mia, mia na kidogo," Lonnie alinong'ona. "Beba."

"Si uko karibu nao?"

"Mgongo, bwana. Beba."

Marlin akabeba. Njia nzima Lonnie hakuugusa ule mfuko, hata ulipoanguka miguuni pake ndani ya gari. Marlin aliona. Akajiambia jamaa ana woga, na moyoni akamcheka.

JUMAMOSI, SAA NNE ASUBUHI

"Ongeza chokoleti," Lonnie alisema.

"Itapungua makali," Renee alisema, jikoni kwake, mwiko mkononi.

"Ongeza, dada. Inaua harufu."

Sufuria la kwanza lilitoa kilo mbili. Renee akabandika la pili. Callie alitoka sebuleni, akanyoosha kidole kwenye trei.

"Baba, kimoja tu."

"Toka hapa!" Marlin alifoka, na sauti yake ikamtisha yeye mwenyewe. Mtoto akarudi kwenye katuni zake akilia kimyakimya. Marlin alitaka kumfuata. Lonnie akamsukumia boksi kifuani.

"Baadaye, mshikaji. Mteja yuko Amarillo."

SAA TISA ALASIRI

Marlin alikuwa peke yake garini, Lonnie akiwa amebaki mjini. Polisi hawakuwasha hata king'ora. Magari mawili mbele, moja nyuma, katikati ya mashamba ya pamba ambako hakuna pa kukimbilia. Askari mmoja, Ochoa, alienda moja kwa moja kwenye boksi, akaliacha begi la nguo bila kulitazama. Hapo Marlin akaelewa kwamba kuna aliyemchoma kwa polisi.

SAA KUMI NA MOJA JIONI

Kituoni, Ochoa aliweka boksi lote juu ya mizani.

"Hiyo ni chokoleti," Marlin alisema. "Uyoga humo hata nusu kikombe haufiki."

"Sheria ya hapa haichambui, kaka. Kilichochanganywa nao kinapimwa nao. Kwa uyoga peke yake ungekula miaka miwili mpaka ishirini. Na chokoleti yote hii, mitano mpaka tisini na tisa." Ochoa hakuwa akimkebehi, alionekana amechoka. "Lonnie anaijua. Alinaswa mwaka huu, mwanasheria wake akamfundisha. Ili kesi yake ipungue, alitakiwa alete mzigo mkubwa kuliko wake."

*Ongeza, dada.* Marlin aliinamisha kichwa mezani. Alimchukia Lonnie, lakini alijichukia zaidi, kwa sababu mfuko ule aliubeba mwenyewe.

"Nani amepika?" Ochoa akauliza. "Sema, nimwambie mwendesha mashtaka kwamba umesaidia."

Marlin alifikiri harakaraka. Yeye amekwisha, hilo halina mjadala. Lakini Renee akibaki nje, Callie atalala kitanda kilekile, kwa shangazi yake, hata kama nyumba ni ya kupanga. Tisini na tisa, basi na iwe.

"Mimi. Nimepika peke yangu."

"Una hakika?"

"Peke yangu. Andika hivyo."

Ochoa hakuandika. Alisugua macho.

"Tulifika kwa dada yako saa nane, Marlin. Lonnie alitupatia na anwani. Tumemkuta jikoni, sufuria lingine liko motoni."

Marlin alisimama, pingu zikamvuta akarudi kitini.

"Callie je? Mwanangu yuko wapi?"

"Watu wa ustawi wa jamii walishamchukua."

"Nani alikuwa naye? Alikuwa na nani?"

"Alikuwa peke yake sebuleni," Ochoa alisema. "Anakuulizia wewe."