Kadi ya Velda

Mke wa Harlan Pruitt alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, lakini kwenye kompyuta za kasino alikuwa bado hai, na Jumanne iliyopita alikula kifungua kinywa. Hilo ndilo lililomharibia Harlan kwa Twyla.

Walikuwa wamekutana wiki sita kabla, kwenye kasino moja kando ya barabara kuu ya 40, Ijumaa jioni, maegesho yamejaa kama soko. Wenye magari-nyumba walipanga foleni kwenye dirisha la walinzi kuomba ruhusa ya kulala. Kulala ni bure, ila masharti ni masharti: usiku mmoja, viti visitolewe nje, turubai la kivuli lisikunjuliwe. Harlan, fundi wa kuchomelea mabomba aliyestaafu, alisimama nyuma ya mwanamke aliyevaa koti la manjano na buti nyekundu, nywele za mvi amezisuka mkia mmoja unaofika kiunoni.

"Lile dogo la kijani ni lako?" Harlan alimuuliza.

"Ni langu. Limekukosea nini?"

"Antena ya televisheni imesimama wima. Umeendesha hivyo tangu wapi?"

Mwanamke aligeuka, akatazama, akaziba mdomo. "Tangu Amarillo! Ndiyo maana watu walikuwa wananipungia mkono njia nzima. Mimi nikadhani ni uzuri wangu."

"Huenda ni vyote viwili."

"Lo! Mzee ana mdomo huyu."

Ndiye Twyla Beckett. Aliendesha basi la shule huko Kansas miaka ishirini na sita, na uongo wa kila aina aliusikia kutoka viti vya nyuma. Jioni ile walikula pai ya tufaha, Harlan akamwambia kwamba ni mgane, na kwamba mkewe aliitwa Velda. Tangu hapo wakawa wanafukuzana kutoka kasino hadi kasino, kila mtu na gari lake, simu haziishi.

"Uko wapi, dereva?"

"Nyuma yako maili themanini, nakula vumbi lako. Niwekee nafasi, mpenzi, mbali na malori. Yananguruma kama mume wangu wa kwanza."

"Je, na mimi nikikoroma?"

"Wewe nitakupiga mto."

Jumapili Harlan alimwomba waoane, kisha wakapitishe majira ya baridi pamoja huko Quartzsite, jangwani. Twyla akasema, "Nimeshaachwa mara moja, Harlan, na aliyeniacha alikuwa na mke mwingine ambaye sikuambiwa. Nipe mpaka Jumamosi."

Jumamosi ikafika. Asubuhi waliingia pamoja kwenye kasino nyingine, ya kampuni ileile ya Mesa Nyekundu, wakaenda kaunta ya wanachama kuchukua tiketi za chakula. Twyla alikuwa amepaka rangi ya mdomo. Harlan aliiona.

Msichana wa kaunta alipitisha kadi ya uanachama ya Harlan kwenye kompyuta, akatabasamu. "Karibu tena, Bwana Pruitt! Mama Velda hajambo? Naona Jumanne mlikula naye kifungua kinywa kule tawi la Gallup. Wawili kwa bei ya mmoja, kama kawaida yenu."

Jumanne ile Twyla alikuwa kwa fundi wa matairi.

"Velda," Twyla alisema polepole. "Si ndiye marehemu?"

"Twyla, ngoja nikueleze."

"Marehemu anakula mayai?"

Harlan alifungua mdomo. Maneno mawili tu yalitakiwa, amekufa huyu, na msichana yuko palepale anasikiliza. Hayakutoka. Twyla alimsubiri, akafuta rangi ya mdomo kwa kiganja, akaondoka.

Angeondoka moja kwa moja hadi Kansas, ila upepo ulimkatalia. Saa nne ulikuwa unabeba mchanga na mapipa ya taka. Delfino, mkuu wa walinzi, mtu mnene asiye na haraka, alipita akigonga kila mlango.

"Hakuna kutoka. Trela limelala ubavu maili sita kutoka hapa. Leo nawaongezea usiku wa pili, msinizoee." Kwa Harlan akachelewa kidogo. "Yule mama wa koti la manjano kahamia nyuma ya malori. Anasema bora ngurumo kuliko wewe. Umemfanya nini, bwana?"

"Nilinyamaza."

"Basi kaongee, mwanamume. Upepo huu hautadumu."

Harlan alipiga simu mara nne. Ya tano ikapokelewa.

"Sema upesi."

"Fungua mlango, Twyla. Kofia yangu imeshapeperuka."

"Ifuate."

"Nataka uone kitu ndani ya kasino. Dakika tano. Ukitoka hapo, upepo ukitulia, nitakuongoza mwenyewe hadi barabarani."

Twyla akatoka, koti limefungwa hadi kidevuni. Ndani, katikati ya kelele za kengele na harufu ya sigara, Harlan alisimama mbele ya mashine moja ya kamari. Akatoa mfukoni kadi iliyochakaa kwenye kamba ya rangi ya waridi, akaichomeka. Kioo kidogo kikawaka maandishi ya kijani: KARIBU TENA, VELDA.

Hakucheza.

"Kila tukifika, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuchomeka," alisema. "Alipokufa sikuwaambia. Ningewaambia, wangefuta jina lake. Gallup nilipitisha kadi mbili, nikakaa na sahani mbili, nikala moja. Huo ndio ukweli, na ni wa kijinga."

Twyla alitazama zile herufi. "Si wa kijinga," alisema. "Lakini mimi siwezi kuwa wa tatu mezani, Harlan. Naweza kuishi na picha yake ukutani. Kuishi na mtu ambaye hujasema amekufa, siwezi."

Harlan alichomoa kadi. Kioo kikazimika. Akaenda kaunta, Twyla nyuma yake hatua mbili, hakumshika mkono.

"Binti, futa hii. Mke wangu amekufa. Miaka mitatu sasa."

Msichana aliweka mkono kifuani. "Pole sana, mzee. Lakini... ungetuambia ndani ya mwaka mmoja, pointi zake zingehamia kwako. Sasa zinapotea zote."

"Zipotee."

Msichana akaikata kadi kwa mkasi. Hapo ndipo Twyla alipompa Harlan mkono.

"Quartzsite ni mbali," alisema. "Tutakwenda na magari mawili, mimi langu siuzi. Ila tutaegesha mlango kwa mlango. Na pete usininunulie ya kasino."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Leo si Jumamosi? Ndiyo, mzee wangu. Twende tukatafute kofia."

Kofia haikuonekana. Kwa hiyo jibu la Twyla lilimgharimu Harlan kofia moja, kifungua kinywa cha pili kisicholipiwa, pointi elfu kumi na nne mia mbili na sitini ambazo Velda alizikusanya kwa miaka tisa, senti kwa senti, na herufi tano za kijani.