Ile Njia ya Kalunguta

Kila asubui, mbele ya kukunywa chai, Kitsa anawashaka groupe ya umeme ya paroisse ya kanisa kule Butembo. Groupe inanguruma, ordinateur, ile kompyuta, inawaka, batu banaingia na mabarua ya kupeleka Beni. Simu hakuna. Barabara iko na vita. Iko mashine moja, routeur, ndiyo inachaguaka njia: ao antene ya Kalunguta, pale katikati ya Butembo na Beni, ao satellite. Kila njia iko na bei yake, namba tu, na routeur inafwataka yenye bei kidogo.

Halafu risasi ikapiga antene ya Kalunguta. Taa yake ingali inawaka, mais kila barua yenye kupita pale inapotea. Kitsa akapandisha bei ya ile njia mpaka mwisho, sawa askari wa barrière mwenye kufunga barabara.

—Tuone sasa nani atapita! akacheka.

Kwa barrière, bakikuitisha bei ya vile, unajua bamekukatalia. Unageuza velo, baiskeli yako, unarudi.

Siku moja batu bakakimbia kutoka Kalunguta: bunduki zinalia kwa barabara! Siméon, kaka mukubwa ya Kitsa, alikuwa Beni, tayari kurudi na velo. Kitsa akaandika mbio: "Yaya, usitoke." Routeur haikukatala. Kitsa akaenda kulala, roho yake sawa.

Kumbe satellite ilikuwa imezimika. Kule Beni mafuta ya groupe yenye kuiwasha iliisha. Barua haikufika; Siméon akatoka. Velo yake bakaiona ndani ya majani. Yeye mwenyewe, hapana.

Nadège, mwenye kutengeneza mamashine ya Beni, akakuja na convoi ya magari. Akaangalia routeur, akatikisa kichwa.

—Ndugu yangu, hii bei, ulizania umefunga njia?

—Donc nini? Kila barrière iko vile!

—Wewe unaogopaka bei. Mashine haiogopake. Kwake hii namba ni kusema: njia ya mwisho. Nyingine zikikufa, inapita pale pale. Kuko mashine za mupya zenye kuisoma "imefungwa," mais yako ni ya zamani. Na kama moja inasoma hivi, ingine vile, barua inaweza kuzunguka katikati yao mpaka inakufa.

—Kama ingeniambia hakuna njia, ningekimbia kwa phonie, ile redio ya kusemea!

—Ni vile. Njia yenye kukufa, uizime, huku na kule Beni. Usicheze na bei.

Kitsa akaizima ile njia ya Kalunguta. Nadège akaenda kuzima upande wa Beni.

Kisha bunduki zikalia tena. Anne-Marie, bibi ya Siméon, alikuwa Bungulu, mtaa ya Beni, akitaka kutoka na batoto kutafuta bwana yake. Kitsa akaandika. Satellite ilikuwa imezimika tena; mara moja mashine ikajibu: hakuna njia. Akakimbia kwa phonie, akaomba batu ya Beni bamuite Anne-Marie.

—Anne-Marie, ni Kitsa, Butembo. Usitoke na batoto! Barabara ni mbaya! À toi, jibu.

Kelele kidogo, kisha sauti yake:

—Nimesikia, shemeji. Wasingya, aksanti. Tunabaki. Na Siméon? À toi.

Kitsa akashika micro. Njia ilikuwa wazi, kila neno lingefika. Hakuwa na hata moja la kupeleka.