Aliyesema Siyo

Mara ya kwanza wajumbe walidhani ni utani. Mwenyekiti Jafari aliuliza, "Wanaoafiki sheria ndogo ya kufunika visima waseme ndiyo," na wajumbe wote kumi na mmoja wakaitikia. Kisha, kwa kutimiza utaratibu tu, akauliza wanaopinga. Upande wa dirishani ikasikika sauti nyembamba: "Siyooo."

Walitazamana. Hakuna aliyeuliza ni nani, maana kila mjumbe alikuwa na kisima cha mvua kwake, kiko wazi, na alihofia kushukiwa yeye. "Kijiji hiki hakipitishi jambo kwa kugawanyika," Jafari alisema. "Tuahirishe."

Wakaahirisha miaka sita, kila kikao sauti ileile ikipinga. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia lilikuwa la Ziada, aliyekaa peke yake kwenye benchi la wageni kila kikao. Kabla ya kikao kile cha kwanza, binti yake Siti alikuwa amezama katika kisima cha ofisi hiyohiyo ya kijiji, chini ya dirisha lile. Hadi sasa kilikuwa bado na mbao mbili zilizooza juu yake, kwani kila Ziada alipoomba mfuniko aliambiwa asubiri sheria. Watu wazima hao, na akili zao! Majirani walishachoka kumpa pole. Mumewe alihamia Masasi, akaoa.

Katika kikao cha karibuni ndipo alipoitambua ile sauti. Siti alivuta neno hivyohivyo alipokataa kuoga.

Akafunga safari mpaka Chiwata kwa mganga, fundi Fikirini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Siti." Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanong'ona, ingawa walikuwa wawili tu. "Huyo si mwanao. Mwanao ulimzika. Huyo ni jini la kisima, huchukua sauti ya kila anayezungumza nalo. Likifunikwa, limekwisha. Lilie lisilie, usiliitikie. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Kikao kilichofuata Ziada aliomba wapige kura kwa mikono. Mikono yote ikapanda. Bibiana, mtendaji wa kijiji, akaanza kuandika. Ndipo harufu ya maji yaliyolala ikaingia dirishani, harufu ya ukoga na mabati yenye kutu, ikawapita wajumbe bila yeyote kukunja pua, ikaja hadi kwenye benchi la wageni, na Ziada akahisi kiganjani mwake vidole vidogo vya baridi, vimekunjamana kama vya mtoto aliyecheza majini kutwa, na sauti sikioni ikisema mama, huku giza, mama, wakinifunika nitakuita na hutasikia, na yeye, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemshika mkono, alivikamata vile vidole na hakutaka kuviachia.

"Kuna anayepinga?" Jafari aliuliza.

"Mimi," akasema Ziada.

Bibiana aliacha kuandika. "Mama Siti! Wewe?"

"Mwacheni mwanangu."

Wajumbe walishusha mikono haraka, na nafuu ilionekana nyusoni mwao. "Mwenye msiba akikataa, sisi ni nani?" Jafari alisema. "Tuahirishe."

Walipotawanyika, Ziada alizunguka ofisi akasogeza mbao, akapiga magoti. Alikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kwanza tangu mazishi.

"Siti, nimekutetea. Niitikie, mama."

Akaita tena na tena, akasema yote aliyokuwa hana wa kumwambia. Hatimaye sauti ya mwanawe ikacheka kule chini, lakini haikumjibu yeye.

"Kulwa! Njoo tucheze!"

Kulwa, binti mdogo wa Bibiana, alikuwa amekuja ofisini kumfuata mama yake. Alisimama hatua chache kutoka kisimani, akamtazama Ziada kwa heshima, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Mama Siti. Nani ananiita? Nije?"

Ziada alifungua kinywa kumfukuza, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, na sauti haikutoka. Ila kule chini, majini, alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa upole:

"Marahaba, mwanangu. Njoo tu."