Imepotea au Umeibiwa?

Nyumbani kwetu asubuhi huanza na wifi yangu. Ni dada wa mume wangu, anaishi nasi, na anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Zamu yake huanza saa kumi na mbili alfajiri. Saa kumi na moja na nusu huwa ameshatoka.

Mimi huamka naye. Ni mshonaji, na cherehani yangu iko chumba cha mbele. Saa hizo huwa nanyoosha sare za shule kabla wateja hawajaja kuuliza nguo zao ziko wapi. Wifi hupita mlangoni na kuniambia nisiunguze shati la mtu kama nilivyounguza lile la mwalimu. Utani huo ameushikilia mwaka wa pili sasa.

Njia yake ni kichochoro. Upande mmoja kuna ukuta wa ghala, upande wa pili kuna mtaro wa maji machafu. Taa hakuna hata moja. Katikati ya ukuta kuna tundu kubwa ambalo mtu mzima anapenya. Watu wote wa mtaa wetu wanaowahi kazini hupita hapo, kwa sababu barabara kubwa inazunguka na kuongeza nusu saa nzima.

Siku moja wifi hakufika kazini. Alirudi baada ya dakika kumi, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, gauni limeloa tope la mtaro. Wanaume wawili walitokea kwenye lile tundu. Walimnyang'anya simu. Alipong'ang'ania pochi, wakamsukuma mtaroni, wakachukua na pochi. Kiwiko kilivunjika. Hakulia. Alichoniuliza ni nani atamwarifu msimamizi wake kwamba leo hafiki.

Hospitali walimfunga plasta. Tulipotoka huko tukapitia kituo cha polisi, na hapo nilifanya kosa ambalo mpaka leo nalisimulia kwa aibu. Wifi alitaka kurudisha laini yake ya simu, na laini hairudishwi bila karatasi ya polisi. Kabla hatujafika kaunta nikamnong'oneza.

"Sema imepotea. Ukisema umeibiwa tutakaa hapa mpaka jioni."

Mtaani kwetu kila mtu hufanya hivyo. Tunaelekezana kama tunavyoelekezana duka lenye unga wa bei nafuu. Karatasi ya mali iliyopotea hutoka kwa dakika kumi. Ukisema umeibiwa, utawekwa benchi, utatoa maelezo, utamsubiri mpelelezi ambaye siku zote ametoka kidogo.

Askari wa zamu akaandika: simu moja na pochi moja, vimepotea. Mkono wa wifi ulikuwa juu ya kaunta, mbele ya macho yake. Plasta ilikuwa bado mbichi. Tope lilikuwa halijakauka kwenye gauni. Hakuuliza chochote. Aligonga muhuri, na mimi nikamshukuru.

Jioni ile mume wangu alipandwa na hasira. Alisema dada yake hapiti tena kile kichochoro, basi, aache kazi. Wifi alikuwa amefanya kibarua pale kiwandani miaka mitatu, na ajira ya kudumu aliipata mwezi mmoja tu kabla ya kuvunjika. Nikaingilia kati. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba serikali imetenga fungu la kuzuia uhalifu. Kila halmashauri ingepewa sehemu yake, iweke taa kwenye njia za hatari na kuongeza doria. Tukakubaliana hivi: wifi ana wiki sita za plasta. Taa zikiwa njiani, ataendelea na kazi. Zisipokuja, ataacha.

Wiki ya tatu orodha ya mitaa ikabandikwa nje ya halmashauri. Niliisoma mara mbili, kutoka juu hadi chini. Mtaa wetu haukuwemo. Ulikuwemo ule wa ng'ambo ya barabara, wenye mageti ya chuma na mlinzi kila nyumba.

Nikaingia ndani na futi yangu bado shingoni. Afisa aliyenipokea alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. Alifungua kompyuta na kuniambia kwamba mgao unafuata takwimu.

"Mwaka mzima uliopita, mtaani kwenu kuna matukio mawili ya uhalifu. Mawili tu, mama. Hongereni."

Nikamwambia nyumbani kwangu peke yake tumeibiwa mara tatu. Akatelezesha kidole, akatafuta.

"Ninachokiona hapa ni mali zilizopotea. Simu na pochi mia moja themanini na saba. Wahimize wenzako wawe makini na mali zao. Hata mifuko yenye zipu ingesaidia."

Zipu. Nimeshona miaka kumi na tisa, na yule kijana ananifundisha habari za zipu. Nilitoka pale kwa hasira. Nikapitia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikidhani yeye ataniunga mkono. Akanionyesha cheti ukutani, kimewekwa kwenye fremu ya kioo. Kilisema mtaa wetu ni Mtaa Salama. Alikuwa amekipokea mbele ya wageni na amepiga picha nacho. Akaniomba nisifukize moshi pasipo na moto, maana wenye nyumba watakosa wapangaji.

Kesho yake jirani yetu alikuja kupunguza sketi. Ni mama wa makamo, anafanya kazi idara ya takwimu. Mtaa mzima unamwita Karani, hata wanawe. Nilipiga magoti kumwekea pini kwenye pindo huku nikimsimulia yote, na kwa hasira nikamchoma mguuni. Akaruka.

"Sasa unamkasirikia nani, mimi au halmashauri?"

"Wote. Mtu amevunjwa mkono, wananipa hongera."

Akaniuliza wifi aliandikishaje polisi. Nikachomeka pini moja zaidi. Kisha nikamwambia ukweli. Hakunicheka wala hakunilaumu. Alikaa kwenye kiti cha wateja na sketi yake yenye pini, akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Alisema kila kituo cha polisi kina daftari. Kinachoandikwa humo kama wizi, unyang'anyi au shambulio huhesabiwa kuwa uhalifu. Hesabu hizo hukusanywa mwezi kwa mwezi na kupelekwa juu. Huko ndiko wanakoamua taa ziende wapi na askari waongezwe wapi. Mali iliyopotea ina daftari lake peke yake, na daftari hilo hakuna anayelitazama wakati wa kugawa fungu.

"Hayo mambo mia moja themanini na saba yametokea kweli," alisema. "Lakini kwa serikali, ninyi ni watu wazembe wanaodondosha simu. Na aliyewaibia hatafutwi, maana kwenye vitabu hayupo. Asiyetafutwa hakamatwi, na mahakamani hafiki."

Nikamuuliza kama basi kosa lote ni letu. Hapo na yeye akakunja uso.

"Hapana, usibebe peke yako. Askari aliona plasta. Wajibu wake ni kuuliza. Lakini kesi ya wizi inampa kazi. Inataka mpelelezi, inataka majibu, na isipopata mshtakiwa inabaki kwenye hesabu za kituo chao. Mali iliyopotea haidai kitu. Wewe unaokoa nusu siku, yeye anaokoa kesi nzima, na mwizi anaendelea na kazi."

Akatupa maelekezo, mimi na wifi aliyekuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Rudini kituoni. Semeni jambo lilivyokuwa: mahali gani, saa ngapi, watu wangapi, walikimbilia wapi. Chukueni karatasi ya hospitali. Maelezo yakishaandikwa, msomewe kabla ya kuweka saini, na kisichokuwa sahihi kirekebishwe. Ombeni namba ya jalada, muiandike. Msilipe chochote, hiyo ni haki yenu. Mkikataliwa, ulizeni ofisi ya mkuu wa kituo.

Tulifika saa mbili asubuhi. Askari alikuwa yule yule. Akatazama karatasi yake ya zamani akasema jambo hilo limeshafungwa, limeandikwa simu na pochi vimepotea, hawezi kubadilisha.

Wifi akauinua mkono wenye plasta, akauweka taratibu juu ya kaunta.

"Na mkono nao ulipotea?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Askari hakucheka. Nikauliza ofisi ya mkuu wa kituo iko mlango gani, na mara daftari lingine likapatikana. Ilituchukua saa mbili na nusu. Tuliposomewa, tukasikia "akaanguka mtaroni". Wifi akakataa kuweka saini. Alisema hakuanguka, alisukumwa. Askari akashusha pumzi, akakata, akaandika upya. Tukaondoka na namba ya jalada kwenye kipande cha gazeti, na nikaishona ndani ya mfuko wa gauni la wifi ili isije ikapotea kweli.

Kuanzia siku hiyo sikumpima mtu bila kumuuliza. Nikizungusha futi kiunoni namuuliza, wewe waliwahi kukuchukulia nini? Wengi walikuwa na karatasi ya mali iliyopotea majumbani. Muuza maziwa, mlinzi wa shule, bibi mmoja aliyeporwa hereni mpaka sikio likachanika. Na yeye aliandikiwa hereni zimepotea. Nilipoliona lile sikio nilishindwa kushona kutwa nzima. Kila mmoja nilimpa maneno ya Karani, na waliosita nilikwenda nao mwenyewe. Hadi plasta ya wifi inafunguliwa, walikuwa wamekwenda watu ishirini na sita, wifi akiwemo.

Mwenyekiti akaja chumbani kwangu amefura. Alisema nauchafua mtaa, takwimu zimeanza kupanda, cheti kitachukuliwa.

"Kichukuliwe," nikamwambia. "Kimetukosesha taa. Wifi yangu amevunjika mkono chini ya hicho cheti chako."

Akatoka bila kuaga. Siku ya pili mkewe alikwenda kituoni. Kumbe naye alikuwa ameporwa pochi mara mbili.

Plasta ilifunguliwa na taa bado hazijaja. Wiki sita zilikuwa zimekwisha. Wifi alikunja sare yake ya kazi akaiweka kwenye begi, maana ahadi ni ahadi. Nilimwonyesha mume wangu orodha yangu ya namba za majalada, zote ishirini na sita. Alizisoma moja moja. Kisha akamwambia dada yake aitoe sare. Tangu siku hiyo akawa anaamka alfajiri kumsindikiza, na wanawake wengine sita wakajiunga nao, huku yeye akilalamika juu ya baridi njia nzima.

Majalada nayo yalifanya kazi yake. Mpelelezi aliyapanga mezani akaona kumi na nne yanataja mahali pamoja, saa zile zile za alfajiri, na tundu lile lile la ukutani. Jambo hilo sisi tulilijua miaka yote, lakini hatukuwahi kulisema mahali linapohesabiwa. Askari walijibanza ndani ya ghala alfajiri tatu. Ya tatu wakawakamata wawili. Wifi alitoa ushahidi mahakamani, na wale watu wakafungwa. Mwenye ghala aliamriwa kuziba tundu, na akaliziba.

Mgao wa pili ulipofika mwaka uliofuata, mtaa wetu ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Afisa yule yule alinipokea, akanipa pole kwa upole wake ule ule.

"Mtaa wenu umeharibika ghafla, mama. Uhalifu umepanda sana."

"Haujapanda," nikamwambia. "Ni ule ule. Mwaka jana uliuita simu zilizodondoka."

Aliinama kwenye kompyuta yake. Nikatoka nikaisome orodha tena.

Sasa kichochoro kina taa sita. Pale kaunta kituoni wamebandika karatasi, na askari wa zamu lazima amuulize kila mtu kabla hajashika kalamu: imepotea au umeibiwa? Mwezi uliopita nilisahau mwavuli wangu sokoni, nikaenda kuulizia. Nikaulizwa swali hilo, na nikafurahi kujibu kwamba nimeusahau mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza ya taa, wifi alimwambia kaka yake arudi akalale. Nilisimama mlangoni nikamtazama anavyokwenda. Zamani kila hatua chache aligeuka nyuma. Siku hiyo hakugeuka hata mara moja. Alipita taa ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, kisha akakata kona kuelekea kiwandani.

Nilipaswa kufurahi, na nilifurahi. Lakini hasira haijanitoka, na sitaki initoke. Taa zile zingeweza kuwaka mwaka mmoja nyuma. Kiwiko cha wifi hakinyooki tena. Siku hizi nikimshonea blauzi, mkono wa kushoto naukata mpana zaidi kuliko wa kulia, na yeye anajifanya haoni.