Neno la Mwisho

Jiwe lilinuka mbuzi aliyenyeshewa, na mtaa mzima wa Malqa haukuwa na mbuzi wala mvua. Metrine, mfanyakazi wa nyumba hiyo, alilisugua kwa jiki, likanuka vilevile. Bosi alilitoa mlimani huko Ugiriki alikoenda likizo na mkewe, Madam, akaliweka chini ya ngazi.

"Wagiriki wa kale walisema milima yao ina mabinti wasiozeeka," Madam alimweleza. "Mmoja alinyauka akabaki sauti tu. Hasemi ila neno la mwisho alilosikia."

"Huyo kwetu ni jini, Madam."

"Yalla, kazi!"

"Kazi," pakajibu chini ya ngazi.

Metrine alimpigia Selipher, rafiki yake aliyeajiriwa Jeddah, akamsimulia.

"Umebakiza siku ngapi, dada?"

"Nne. Mkataba umeisha, Alhamisi napewa pasipoti. Binti yangu Shirleen ashanunua jogoo wa kunipokea."

"Basi usiitike usiyemwona. Kukhu, bibi yako, hakukufunza?"

"Nisipoitika hapa nitaitwa kiziwi."

"Heri kiziwi anayepanda ndege."

Jumatano adhuhuri, nyumba yote imelala, sauti ya Madam iliita kutoka ngazini: "Metrine!" Miaka miwili alikuwa akiitika kabla jina halijaisha, ndivyo ajenti wa kazi alivyowafunza yeye na wenzake, wamepangwa foleni kama watoto wa nasari.

"Abee, Madam!"

Ngazi zilikuwa tupu. Harufu ya mbuzi ikampanda puani, ikashuka kooni baridi kama maji ya kisima, ikazidi kushuka huku yeye akijaribu kumwita Yesu, akijaribu kumwita hata Madam mwenyewe, na mdomo ukifunguka na kufumbika bila kutoa kitu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyesema neno la kurudia.

Alhamisi Bosi aliweka pasipoti mezani. "Metrine, mkataba halas, umeisha. Unataka kwenda au kubaki?"

"Kubaki," mdomo wake ukasema.

Akatikisa kichwa mpaka shingo ikauma na machozi yakamtoka. Madam akamkumbatia. "Mafi kulia, usilie! Nasi tunakupenda."

Pasipoti ikarudi kwenye droo, ufunguo ukazunguka.

Jikoni simu ikalia. Shirleen.

"Mama, unafika lini?"

"Lini."

"Mama?"

Ndipo chini ya ngazi ikapaa sauti ya Metrine mwenyewe, nzima, tamu, yenye maneno yote aliyonyang'anywa: "Mimi siji, mwanangu. Kuna kazi hapa. Njoo wewe."

Metrine aliuma ulimi hadi damu. Haikusaidia.

"Njoo wewe," akasema.